Unga Mweusi na Maji Yasiyosafika: Utatuzi wa Matatizo ya Chembe Nano za Sumaku

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari anao unga mweusi wa magnetiti, yaani oksidi ya chuma inayovutwa na sumaku, kwenye chupa, ameshautia kwenye majitaka yenye risasi, kromi au kadimi, ameuvuta kwa sumaku, na matokeo hayakufanana na yale aliyoyasoma. Anaweza kuwa mwanafunzi wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru, mteknolojia wa maabara ya maji mjini Moshi, au msimamizi wa karakana ya betri za magari katika mtaa wa Unga Limited, Arusha, aliyeambiwa kwamba teknolojia hii ni rahisi. Kimsingi ni rahisi kweli. Chembe za oksidi ya chuma zenye kipenyo cha takriban nanomita 10 hadi 20 zina eneo kubwa la uso kwa kila gramu, metali hunata kwenye uso huo, kisha sumaku hukusanya chembe pamoja na mzigo wake. Lakini maji ya kwetu, yanayopita kwenye miamba ya volkano ya Meru, si maji ya vitabuni, na majitaka ya karakana na ya viwanda vya ngozi yana mambo mengi zaidi ya metali moja iliyoyeyuka. Kwa maoni yangu, mara nyingi unga hulaumiwa kabla ya maji kuchunguzwa, na ndiyo maana dalili nyingi hapa chini zinaishia kwenye maji.

Anza na bika tatu

Kabla ya kutafuta dalili yako, fanya jaribio moja ambalo wengi huliruka kwa sababu haliwapi namba ya kupendeza kwenye ripoti. Bika ya kwanza iwe na majitaka yako yaliyorekebishwa hadi pH utakayoitumia, bila unga. Ya pili iwe na maji yaliyokenekwa pamoja na unga, bila metali. Ya tatu iwe na majitaka pamoja na unga. Zikoroge zote kwa muda uleule, zipitishe zote kwenye sumaku na kwenye chujio, kisha uzipime zote, ukipima chuma pia na si risasi au kromi peke yake.

Ikiwa bika ya kwanza imepoteza metali karibu sawa na ya tatu, basi kilichofanya kazi ni pH: metali imeganda na kushuka kama mashapo, na unga ulikuwa mtazamaji tu. Ikiwa bika ya pili ina chuma kingi, unga unayeyuka au hujauosha vya kutosha. Tofauti kati ya bika ya kwanza na ya tatu ndiyo kazi halisi ya unga wako, na ndiyo namba pekee unayopaswa kuitetea.

Dalili: mashapo yametoka ya kahawia au mekundu badala ya meusi

Njia inayotumika zaidi ni kuchanganya chumvi ya chuma (II) na chumvi ya chuma (III) kwa uwiano wa moja kwa mbili, kisha kuongeza amonia au sodiamu haidroksidi hadi pH ya takriban 10. Kwa gramu 5.4 za kloridi ya chuma (III) yenye molekuli sita za maji, unahitaji gramu 2.0 za kloridi ya chuma (II) yenye molekuli nne za maji, au gramu 2.8 za salfeti ya chuma (II) yenye molekuli saba. Mchanganyiko huo unaweza kutoa gramu 2.3 za magnetiti na si zaidi. Ukipima unga mkavu ukakuta gramu 3, ujue ndani yake kuna unyevu au chumvi ambayo haikuoshwa.

Mashapo yakitoka na rangi ya kutu, mshukiwa wa kwanza ni chumvi ya chuma (II). Ikiwa mpya huwa na rangi ya kijani hafifu. Chupa iliyofunguliwa na kufungwa mara nyingi, hasa wakati wa masika, hubadilika kuwa ya njano kisha ya kahawia, kwa kuwa oksijeni ya hewani imekwisha kuigeuza sehemu yake kuwa chuma (III). Ukiyeyusha kidogo kwenye maji yenye matone machache ya asidi, mmumunyo unapaswa kuwa angavu na wa kijani kilichopauka. Ukiwa wa njano, uwiano wako wa moja kwa mbili umeharibika kabla hata ya kuanza.

Mshukiwa wa pili ni hewa iliyomo ndani ya maji. Maelekezo mengi yanataka nitrojeni ipitishwe wakati wote wa kazi, na mtungi wa nitrojeni ni gharama ambayo maabara nyingi ndogo haziwezi kuibeba. Njia ya kupunguza madhara ni kuchemsha maji kwa dakika 20 au 30, kuyapoza yakiwa yamefunikwa, na kuyeyusha chumvi ya chuma (II) mwishoni kabisa. (Arusha, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, maji huchemka kwenye nyuzijoto 95 hivi, hilo halina madhara, ila usishangae kipimajoto kikikataa kufika 100.) Wanaofanya kazi bila nitrojeni kabisa huongeza makusudi chuma (II) kidogo, kwa mfano sehemu mbili kwa tatu za chuma (III), kwa kuwa sehemu yake itapotea njiani.

Mshukiwa wa tatu ni amonia iliyochoka. Chupa ya amonia hupoteza gesi kila inapofunguliwa, na joto la Moshi huharakisha jambo hilo. Kwa hiyo usihesabu mililita zilizoandikwa kwenye maelekezo. Pima pH mwishoni na uongeze hadi ifike. Jambo jingine linalofanana na hili ni kuongeza amonia kwa matone ya polepole mno. Chuma (III) huganda kwenye pH ya chini sana, ilhali chuma (II) husubiri hadi pH ipite 7, na ukienda taratibu kile cha kwanza kitashuka peke yake kikiwa cha kahawia. Ongeza kwa haraka huku ukikoroga kwa nguvu. Rangi ya kijani-bluu ikijitokeza, endelea kuongeza besi na upashe moto hadi nyuzijoto 80. Mara nyingi itageuka nyeusi.

Ikiwa mashapo yalikuwa meusi na yamegeuka ya kahawia ndani ya oveni, usiyatupe upesi. Unga wa kahawia ambao bado unarukia sumaku ni maghemiti, ambayo inanasa risasi na arseniki vizuri; ilichopoteza ni chuma (II), na hasara hiyo utaihisi kwenye kromi tu. Wekundu usiovutwa na sumaku, unaotokea unga ukichomwa kwa mamia ya nyuzijoto, ni hematiti, na huo haurudi. Kausha kwenye nyuzijoto 60, au bora zaidi usikaushe kabisa. Unga uliokaushwa hushikamana kuwa mabonge magumu ambayo kinu hakiwezi kuyarudisha kwenye ukubwa wa nano, na vumbi lake halifai kuvutwa puani. Uhifadhi ndani ya maji, ukijua una gramu ngapi kwa kila mililita.

Dalili: unga ni mweusi, lakini sumaku haiukusanyi

Tazama kwanza kifaa cha kukorogea. Kikorogeo cha sumaku, kile chenye kijiti cheupe kinachozunguka chini ya bika, hukusanya unga wako wote na kuubana kwenye kijiti, na mtu huishia kupima maji ambayo hayakuwahi kukutana na unga. Tumia kikorogeo cha fimbo kinachoendeshwa na mota, au mashine ya kutikisa.

Kisha tazama sumaku na umbali. Sumaku ya spika ya redio ya zamani ni dhaifu kwa kazi hii, ilhali sumaku za neodimi zinazotolewa kwenye diski za kompyuta zilizokufa zina nguvu ya kutosha kwa bika. Nguvu ya kuvuta hupungua kwa kasi kubwa kadiri unavyosogea mbali, hivyo sumaku inayosafisha bika ya mililita 100 kwa dakika mbili haitafanya lolote la maana katikati ya ndoo ya lita 20. Kwa ujazo mkubwa, maji ndiyo yanapaswa kupelekwa kwa sumaku: yapitishe kwenye tabaka jembamba juu yake, au kwenye bomba la plastiki lililojazwa nyuzi za chuma na kubanwa na sumaku pande zote mbili. Nyuzi hizo zinaweza kuwa stili waya ya kusugulia masufuria, mradi uijaribu kwanza, kwa sababu baadhi ya aina za chuma kisichoshika kutu hazivutwi na sumaku kabisa. Usiiache sumaku ya neodimi karibu na jiko. Za kawaida huanza kupoteza nguvu zikipita nyuzijoto 80.

Iko sababu moja inayowachanganya hata wazoefu. Unaosha unga kwa maji yaliyokenekwa, mara ya kwanza na ya pili unakusanyika vizuri, kisha kwenye mwosho wa tatu au wa nne maji yanabaki meusi kama wino na sumaku haina la kufanya. Unga haujaharibika. Chumvi iliyokuwa ikizizima chaji za chembe imeondoka, na sasa chembe zenye chaji moja zinasukumana, kila moja ikielea peke yake, na chembe moja ya nanomita 10 ni ndogo mno kuvutwa na sumaku ya kawaida. Mtikisiko wa molekuli za maji unaishinda. Ongeza chumvi ya mezani kidogo, au rekebisha pH iwe karibu na 7, ambapo uso wa magnetiti hauna chaji kubwa, na zitashikana na kushuka. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, walionyesha kwamba chembe za nanomita 12 hivi zinaweza kuondolewa majini pamoja na arseniki kwa uga wa sumaku ulio dhaifu kuliko ilivyodhaniwa, kwa sababu chembe hizo hukusanyana zinapokuwa ndani ya uga. Chembe zao zilikuwa na ukubwa uliolingana sana. Za kwetu zinazotengenezwa kwenye bika hazina ulinganifu huo, na zile ndogo zaidi hubaki nyuma.

Dalili: mmumunyo wa risasi umeingia ukungu kabla ya unga kuwekwa

Hii ndiyo dalili ya Arusha hasa. Mtu anayeyusha nitreti ya risasi kwenye maji ya bomba au ya kisima ili atengeneze majitaka ya mfano, na papo hapo mmumunyo unakuwa na weupe wa maziwa. Maji mengi ya ardhini kuzunguka Mlima Meru yana sodiamu na bikaboneti kwa wingi, pH yake iko juu ya 7, na pia yana floridi ambayo katika visima vingi hupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa. Risasi inapokutana na kaboneti huganda kuwa kaboneti ya risasi, na hiyo ndiyo ukungu unaouona. Ukiweka unga hapo, ukachuja, ukapima, utapata uondoaji wa asilimia 98 na kuandika kwamba unga wako ni wa ajabu. Bika ya kwanza, ile isiyo na unga, ingekuambia ukweli.

Kwa majaribio ya kulinganisha unga na unga, tumia maji yaliyokenekwa, na uanzie kwenye pH ya 5 hadi 5.5, ambapo risasi bado imeyeyuka. Kisha, kama jaribio la pili lililo tofauti, rudia kwa maji halisi ya mahali pako, ukikubali kwamba sehemu ya risasi itaganda na kuripoti sehemu hiyo kando. Kuganda si dhambi. Kwa karakana inayotaka maji yake yawe salama, risasi iliyoganda na kuchujwa ni risasi iliyoondoka. Tatizo ni kumpa unga sifa isiyo yake, kisha kununua kilo kadhaa za malighafi kwa sababu ya sifa hiyo.

Bikaboneti ina hila nyingine. Unarekebisha pH kwa asidi hadi 5.5, unaanza kukoroga, na baada ya nusu saa unakuta 6.8. Asidi imegeuza bikaboneti kuwa gesi ya kaboni dioksidi, gesi imetoka kadiri unavyokoroga, na pH imepanda nyuma yako. Weka asidi, koroga au pitisha hewa kwa nusu saa bila unga, pima tena, rekebisha tena, na urudie hadi itulie, ndipo uweke unga. Andika pH ya mwanzo na ya mwisho. Ripoti yenye pH ya mwanzo peke yake, kwa maji ya Arusha, haina uzito.

Kuhusu floridi, wapo wanaotarajia kwamba unga uleule utaiondoa pamoja na metali. Usiitarajie magnetiti tupu kufanya kazi hiyo kwa kiwango cha maana. Kwa floridi upo mkaa wa mifupa, ambao umefanyiwa kazi kwa miaka mingi kwenye kituo cha Ngurdoto, na hilo ni somo lake. Silika na fosfeti, hata hivyo, zinakuhusu moja kwa moja ikiwa unaondoa arseniki, kwa sababu zinagombea nafasi zilezile kwenye uso wa oksidi ya chuma, na maji ya maeneo ya volkano hayana upungufu wa silika.

Dalili: risasi inaondoka, kromi haitikisiki

Sababu kubwa ni chaji. Risasi, kadimi, nikeli na shaba huwa majini zikiwa ayoni chanya. Kromi (VI) huwa imeshikana na oksijeni ikiwa ayoni hasi. Uso wa magnetiti una chaji chanya chini ya pH ya takriban 7 na hasi juu yake, hivyo kinachoipendelea risasi hakiipendelei kromi (VI). Ile ya kwanza inataka pH ya 5 hadi 6, ya pili inataka asidi zaidi, pH ya 3 au 4. Ukitaka kuondoa zote mbili, fanya kwa hatua mbili. pH ya katikati huzikosesha zote.

Lakini kabla ya kugusa pH, hakikisha ni kromi ipi uliyo nayo, kwa sababu hapa ndipo wengi wa Moshi wanapopotea. Kromi inayotumika kulainishia ngozi viwandani ni kromi (III), na majitaka ya ngozi yanapaswa kutazamwa kama majitaka ya kromi (III) hadi kipimo kikatae. Kromi (VI) utaikuta zaidi kwenye karakana za kupaka vyuma kromi kwa umeme. Kipimo chake ni cha bei nafuu: difenilikabazaidi kwenye asidi hutoa rangi ya zambarau ikikutana na kromi (VI), wala haijali kromi (III). Angalizo ni kwamba chuma kilichoyeyuka kikizidi miligramu 1 kwa lita hutia rangi ya njano inayovuruga kipimo, na anayetumia unga wa chuma ana kila sababu ya kulikumbuka hilo.

Kama ni kromi (III), usianze na unga wa nano. Ongeza maziwa ya chokaa hadi pH ya 8 au 9, iache igande, iache itulie, chuja. Usivuke sana hapo, kwa kuwa kwenye pH ya juu mno haidroksidi ya kromi huanza kuyeyuka tena. Ikikataa kuganda, sababu huwa ni kemikali za kikaboni: fomati zinazowekwa makusudi ili kromi ipenye ngozi polepole, na protini zilizotoka kwenye ngozi yenyewe, zote hushika kromi na kuizuia isishuke. Unga wa sumaku unafaa baada ya hapo, kwa kumalizia miligramu chache zilizobaki.

Kama ni kromi (VI), magnetiti ina faida ya ziada: chuma (II) kilicho ndani yake huigeuza kuwa kromi (III), ambayo sumu yake ni ndogo zaidi. Faida hiyo ina mwisho. Kromi (III) na chuma (III) vinavyoundwa hujenga utando juu ya chembe, na kazi inapungua huku unga ukionekana mweusi vilevile. Kwa hiyo unga uliogeuka maghemiti, au ule uliokaa mwaka mzima kwenye chupa iliyo wazi, utakuangusha kwenye kromi ingawa bado unafaulu kwenye risasi.

Onyo moja halina nafasi ya mjadala. Majitaka ya hatua ya kuondoa manyoya ya ngozi huwa na salfaidi. Ukiyatia asidi ili kushusha pH kwa ajili ya kromi, yatatoa gesi ya haidrojeni salfaidi, ambayo huua, na ambayo pua huacha kuihisi inapokuwa nyingi. Maji hayo yasichanganywe na asidi ndani ya chumba, wala kumwagwa kwenye shimo moja na majitaka ya kromi yenye asidi.

Dalili: maabara ilifaulu, majitaka halisi yamegoma

Hesabu ndiyo ya kwanza kukaguliwa. Tuseme lita moja ilikuwa na miligramu 50 za risasi, ukaweka gramu 1 ya unga, zikabaki miligramu 5: gramu hiyo imebeba miligramu 45, na umeondoa asilimia 90. Ukiweka gramu 5 na ikabaki miligramu 0.5, umeondoa asilimia 99, lakini kila gramu imebeba miligramu 9.9 tu. Asilimia imepanda na ufanisi wa unga umeshuka, na wote wawili, anayejisifu na anayelalamika, wanaweza kuwa wanasema kweli. Tena hiyo 0.5 iliyobaki ni mara 50 ya kiwango cha 0.01 kinachopendekezwa kwa maji ya kunywa; kwa maji ya kumwaga kanuni ni nyingine, ila asilimia 99 isimpe mtu usingizi mzito.

Sasa panda hadi tangi la lita 1,000 lenye miligramu 5 za risasi kwa lita. Hizo ni gramu 5 za risasi. Ikiwa unga wako hubeba miligramu 20 kwa gramu, utahitaji gramu 250 kwa uchache, na kwa kweli zaidi, kwa kuwa kadiri metali inavyopungua majini ndivyo kila gramu inavyobeba kidogo. Mtu aliyezoea kijiko kimoja kwenye bika hushtuka anapofika hapa, na ni afadhali ashtuke mapema.

Baada ya hesabu, tafuta mafuta. Maji ya kuoshea injini na vipuri hufunika chembe kwa utando wa grisi, zikashikamana na ukuta wa ndoo badala ya kubeba metali. Tenga mafuta kwanza. Sabuni za kuoshea magari hufanya kinyume, hutawanya chembe hata sumaku isizipate. Kalsiamu na magnesi, zikiwa nyingi, hugombea nafasi na kadimi na nikeli kuliko zinavyogombea na risasi, ambayo hushika oksidi ya chuma kwa nguvu zaidi.

Maji ya betri za risasi yana tatizo lake: ni asidi ya salfuri, na pH yake inaweza kuwa chini ya 1. Unga ukitiwa humo utayeyuka tu. Punguza ukali kwa chokaa kwanza, mashapo ya jasi yashuke na risasi nyingi ndani yake, chuja, ndipo unga umalizie. Magadi nayo hupunguza ukali, lakini hutoa povu jingi la gesi, na tangi lililojaa hadi ukingoni litafurika.

Dalili: maji yaliyosafishwa yamekuwa ya njano

Chuma kimeyeyuka. Chini ya pH ya 3 magnetiti tupu huanza kulika. Pandisha pH, fupisha muda, au funika chembe kwa silika au kitosani (polima itokanayo na magamba ya kamba). Silika hulinda zaidi; kitosani huongeza vikundi vya amino vinavyopenda shaba na kromi (VI), lakini chenyewe huyeyuka kwenye asidi kama hakijafungwa kikemikali. Kila tabaka hupunguza nguvu ya sumaku kwa kila gramu, kwa kuwa tabaka halivutwi, hivyo tabaka nene huirudisha dalili ya pili hapo juu.

Dalili: vipimo vya maabara mbili havikubaliani

Uliza sampuli ilitiwa asidi lini. Kawaida sampuli ya metali huhifadhiwa kwa asidi ya nitriki hadi pH chini ya 2. Ikiwa chembe chache zilibaki majini, asidi hiyo itaziyeyusha na kuachia metali zote zilizobebwa, na maabara itapima kile ulichodhani umekiondoa. Utaratibu uwe sumaku, kisha chujio, kisha asidi. Na chujio la mikromita 0.45 lisikupe imani kubwa, maana chembe ya nanomita 15 hupita humo bila kugusa ukuta. Pima chuma kwenye sampuli. Chuma kikiwa juu pamoja na risasi, unapima unga wako mwenyewe.

Risasi pia hunata kwenye kioo maji yakiwa hayana asidi. Tumia chupa za plastiki zilizooshwa kwa asidi. Na kama maabara inapima metali kwa mashine ya mwali wa moto, usibishanie namba zilizo chini ya miligramu 0.1 za risasi kwa lita. Kwa kiwango hicho inahitajika mashine ya tanuri la grafaiti.

Dalili: unga unachoka kila unaporudiwa

Kupungua kidogo kila mzunguko ni kawaida. Kupungua kwa ghafla kuna sababu mbili kuu. Ya kwanza ni unga kupotea kwenye maji ya kuoshea. Baada ya kila mzunguko kausha na upime sampuli ndogo ya unga huo, si wote, na usikadirie kwa macho. Ya pili ni asidi ya kuvulia metali kuwa kali mno au kukaa mno. Kwa risasi na kadimi, asidi ya nitriki ya mola 0.1 kwa dakika chache inatosha, ikifuatwa na maji mengi. EDTA, kemikali inayoshika ayoni za metali, ni mpole zaidi kwa chembe. Kwa kromi (VI) na arseniki, asidi haisaidii. Tumia sodiamu haidroksidi ya mola 0.1, ukijua kwamba kromi iliyokwisha kugeuzwa kuwa (III) na kuganda kwenye uso haitatoka kirahisi.

Asidi au besi hiyo ya kuvulia sasa imebeba risasi au kromi yote iliyokuwa kwenye tangi, ndani ya ujazo mdogo. Haimwagwi kwenye mtaro unaoelekea mto Themi wa Arusha au Karanga wa Moshi, ambako maji hunyweshea bustani za mboga. Igandishe kwa chokaa, chuja, kausha mashapo kivulini, na uyaweke pamoja na unga uliochoka kwenye ndoo yenye mfuniko iliyoandikwa metali iliyomo na tarehe. Mashapo ya kromi yasichomwe moto, hasa yakiwa na chokaa, kwa kuwa joto na chokaa vinaweza kuirudisha kromi (III) kuwa kromi (VI). Ndoo hizo ni taka hatarishi na hushughulikiwa kwa kibali. Ulizia utaratibu ofisi ya NEMC, baraza la taifa la mazingira, ya Kanda ya Kaskazini kabla ndoo ya kwanza haijajaa.